Mwalimu Tuliyemuaga Kabla Hajaondoka

Ghorofa ya tatu, mlango wa bluu,
Nyuma ya shule.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama utaruka mistari. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakidanganya kwa tangawizi? Mchumba wako hajambo? Na wale kuku, ambao katika kila barua habari zao ni ndefu kuliko zako mwenyewe, nao wanaendeleaje?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Daktari alimshauri apunguze kupanda ngazi. Mama akamuuliza, "Sasa daktari, utatushushia nyumba?" Daktari akacheka, akaandika dawa ya kuchua. Mpwa wako amerefuka, sketi ya shule imeanza kuwa fupi tena, na ameanza kunijibu kwa mabega. Najua nawe ulikuwa hivyo hivyo katika umri huo, kwa hiyo sijashtuka.

Picha mliyopiga mbele ya nyumba yako tumeipata. Mama ameiegemeza kwenye redio, na kila anayepanda ngazi zetu lazima aione. "Huyu mkwe wangu. Huyu mwembamba ndiye mwanangu, tunamwita Bonge. Na ile nyuma yao ni baraza." Hilo baraza lako limetajwa sana hapa, mpaka jirani wa mlango wa pili ameniuliza kama linapangishwa.

Sasa nijibu barua yako. Uliniuliza swali moja tu: je, shuleni kwenu kuna nafasi ya mwalimu wa Hisabati? Ukaeleza kwamba umemkumbuka Mama, kwamba umechoka kuwa mtoto wa kwenye simu, na kwamba nikisema ipo utakuja, hata harusi mtaisogeza mbele. Ulipoandika, nafasi haikuwepo. Nilikuwa nimeshaanza kukujibu hivyo. Kisha ikapatikana, na namna ilivyopatikana ndiyo iliyoninyima usingizi na kunichelewesha kukuandikia.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika shajara yangu. Usinicheke. Huenda nikipanga mambo nitayaelewa.

Unajua kwamba shule yetu iko mahali pazuri mno. Zamani lilikuwa jambo la kujivunia. Siku hizi kila nyumba ya kawaida inayobomolewa jirani inarudi ikiwa na lifti. Duka la mchele limekuwa duka la miwani. Walimu wanafundisha watoto wa wenye nyumba hizo, halafu jioni wanapita katikati ya nyumba hizo kwenda kulala mbali, na kila mwaka huko mbali kunasogea mbali zaidi.

Kwa hiyo wanaondoka. Mwalimu wa Jiografia alihamia mji mdogo, akatuma salamu kwamba amepata nyumba yenye mti. Mwalimu wa Kemia anauza dawa za mifugo. Mwalimu wa Historia anaendesha gari la kukodi, na siku moja Mkuu wa shule aliita gari, akaletewa yeye. Mkuu akakaa kiti cha nyuma. Mwalimu wa Historia akageuza shingo akamuuliza kwa adabu zote, "Tunaelekea wapi, Mkuu?" Mkuu anasema ameshuka kwenye gari lile lakini swali limeshuka naye.

Kuagana kumekuwa sehemu ya kazi yetu. Tuna utaratibu kabisa. Ijumaa baada ya vipindi tunakutana chumba cha walimu, chai inachemshwa, keki inakatwa, na anayeondoka anapewa sanduku la safari tulilochangia. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye wanafunzi wanamwita Methali, anatoa hotuba. Mwisho, anayeondoka anakabidhiwa kitambaa, anakwenda kwenye ubao wa ratiba uliopakwa ukutani, anafuta jina lake mwenyewe. Aliyelianzisha jambo hilo ni mwalimu wa Jiografia, kwa mzaha. Waliofuata wakalifanya bila mzaha, na sasa hakuna anayehesabiwa kuwa ameondoka kama hajashika kitambaa.

Mwalimu wetu wa Hisabati ni dada mmoja mfupi, mpole, ambaye hatembei bila rula ya mbao. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Rula. Haitumii kumchapa mtu wala kupigia mstari. Mistari yake anaichora kwa mkono, na imenyooka. Anaishika tu, kama wengine wanavyoshika simu. Huyo ndiye aliyemtoa mpwa wako kwenye machozi. Unakumbuka alivyokuwa analia akiona sehemu na desimali? Mwalimu Rula alimwambia jambo moja, naye akaja kunisimulia akiiga na sauti yake: "Usiniletee jibu. Nionyeshe ulipopotea." Tangu siku hiyo mtoto akawa anaonyesha alipopotea, na kumbe hakuwa amepotea mbali.

Basi mwezi uliopita Mwalimu Rula alikuja dirishani kwangu, pale ofisi ya karani, akaomba ufunguo wa stoo ya ramani. Alikuwa na katoni. Kesho yake akaja na katoni nyingine, na jiko dogo la gesi ndani ya kapu. Kisha akaja na godoro lililoviringishwa, akalipitisha kwa mlango wa nyuma kabla wanafunzi hawajajaa. Hakueleza kitu nami sikuuliza. Nilimhurumia tu moyoni. Nikajisemea, ameanza kukusanya mizigo, huyu naye anaondoka.

Jioni nikamwambia Methali, "Rula naye ameanza kukusanya mizigo." Methali akamwambia Mkuu kwamba Rula anaondoka. Mkuu akaniita ofisini, uso umemshuka, akasema, "Karani, nimesikia habari za Mwalimu Rula. Nunua sanduku." Mimi nikajua basi, amemweleza Mkuu mwenyewe, jambo limekwisha. Naye Mkuu alidhani Rula amenieleza mimi, maana barua zote hupitia kwangu. Habari ilitoka mdomoni mwangu ikazunguka shule nzima, iliponirudia ilikuwa imevaa tai, nikaisimamia kama mgeni rasmi.

Usiku ule niliandika kwenye shajara: Mwalimu Rula anaondoka. Sikuandika nani kaniambia.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Rula aliingia chumba cha walimu akiwa mchangamfu kuliko siku zote. Alinijia moja kwa moja akiwa na la kusema, kisha akaiona keki. Akaliona sanduku, la bluu, bado limo ndani ya nailoni yake. Akatuangalia mmoja mmoja.

Mkuu akasimama. Unajua Mkuu ni mtu wa machozi ya karibu. "Mwalimu," akasema, "hatuna la kukulaumu. Jiji hili limetushinda wengi." Akashindwa kuendelea, akaketi. Methali akainuka na ile methali yake anayoitoa kila mara, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwalimu wa Biolojia akaninong'oneza, "Wameshaenda wote, mbona hatujawahi kuyaona hayo marejeo?" Nikambana ubavuni anyamaze, maana nilikuwa karibu kucheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu Rula alisema maneno machache sana. Alisema, "Sikutegemea. Ahsanteni." Sauti ilimkatika, nasi tukapiga makofi ili kumsaidia. Kisha mimi, kwa mkono wangu huu unaoandika, nikamkabidhi kitambaa. Alikishika muda. Akaenda kwenye ubao, akafuta jina lake, akafuta na vumbi la chaki lililoanguka chini ya jina, akakunja kitambaa vizuri na kukirudisha mahali pake. Akala kipande cha keki akiwa amesimama. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, tukakumbatiana, nikarudi kuosha vikombe.

Jumatatu hakuja, na hakuna aliyeshangaa. Vipindi vyake nilikuwa nimeshavigawa, viwili kwa mwalimu wa Fizikia na vingine kwa matumaini.

Katikati ya wiki niliingia stoo kutafuta ramani ya dunia. Nikalikuta godoro. Nikakuta katoni zote, na lile jiko, na juu ya vyote sanduku la bluu ndani ya nailoni yake, halijafunguliwa hata zipu. Mdogo wangu, nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Mtu anayehama mji anaweza kusahau mwavuli, hasahau godoro. Na atasafirije bila sanduku la safari?

Nikampigia simu. Nitakuandikia tulivyosema, maana nimeyarudia kichwani mpaka nimeyahifadhi.

"Dada, mbona mizigo yako yote iko huku?"

"Iko huko kwa sababu sikuwa na pengine pa kuiweka."

"Sikuelewi."

"Mwenye nyumba alinitaka nihame. Nikaweka vitu stoo, nikawa nalala kwa rafiki huku natafuta chumba. Ijumaa ile nilikuwa nimepata. Mbali, lakini kina mlango na dirisha. Nilikuja nikuambie wewe wa kwanza. Nikakuta keki."

Nilikaa chini, pale pale juu ya godoro lake.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Bi Karani? Mkuu analia, Methali ameshafika ngamani, wewe umenishikisha kitambaa. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikadhani nyinyi mmeamua kuniambia kwa keki."

Niliapa kwa kila kitu kwamba hakuna aliyemfukuza, kwamba tulidhani anaondoka, kwamba tulimhurumia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka nikaogopa. "Kwa hiyo mlikosea wote kwa pamoja, kama kwaya?"

Nikamwambia arudi, jina lake nitaliandika mimi mwenyewe dakika hiyo hiyo. Hapo ndipo aliponiambia kwamba yuko mji wa dada yake, na shule ya pale ilikuwa ikimwita tangu mwaka jana naye akikataa kwa ajili yetu. Jumatatu ile alikwenda kuwasalimu tu, wakampa chaki. Sasa anaamka jua limeshatoka. Anatembea kwenda shule, na njiani wazazi wanamsimamisha kumuuliza habari za watoto wao.

"Kwa hiyo hurudi," nikasema.

"Mngenisubiri kidogo, huenda ningeondoka mwenyewe. Huenda nisingeondoka. Sasa hata mimi sijui, dada. Mmenifanyia hesabu katikati, jibu la kwangu sitaliona tena." Kisha akasema vitu vyake atavifuata mtu, isipokuwa sanduku. Sanduku nimpe binti yangu.

Nilipomweleza Mkuu, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema jiji ndilo lililomwondoa, sisi tulimpigia makofi tu. Methali alisema ajali haina kinga. Mwalimu wa Biolojia alisema, na nadhani yeye ndiye aliyekaribia, kwamba tumezoea kuaga mpaka tukimwona mtu na katoni mkono unatafuta kisu cha keki.

Mimi sijui. Nimelipindua jambo hili kila upande. Ukisema ni kodi ya nyumba, alikuwa ameshapata chumba. Ukisema ni sisi, sisi tunampenda mpaka leo. Ukisema ni yeye mwenyewe, yeye anasema hajui. Na huwezi kusema hakuna sababu, kwa kuwa darasa halina mwalimu, na mpwa wako ana mtihani wa mwisho mwaka huu huu.

Na bado sijakueleza la mwenye nyumba. Juzi mama mmoja alikuja dirishani kwangu amefura. Ana mtoto kidato kimoja na mpwa wako. "Nyinyi hapa shuleni mnawafanyia nini walimu?" akaniuliza. "Mtoto wangu wiki nzima hajafundishwa Hisabati. Yule wa rula mmempeleka wapi?"

Nikamwambia alihama, nyumba za karibu zilimshinda.

Akaguna. "Hapo kwangu si alikuwa na chumba kizuri tu?"

Kumbe ndiye. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba yake, na yeye ndiye aliyemtaka ahame. Nilimtazama nikitafuta dalili ya ubaya, sikuiona. Ni mama wa kawaida, ana mkufu wa miwani, pumzi zinamkatika kwa kukimbizana na watoto. Akajitetea bila mimi kumshtaki. "Mtaa mzima wamepandisha, dada yangu. Mimi nibaki nyuma nina kichaa? Na yule mwalimu nilimpenda. Mstaarabu, hana kelele, hana wageni." Akaegemea dirisha langu, akashusha sauti kama anayenunua kitu cha magendo. "Huko alikohamia ni mbali sana? Nataka likizo nimpeleke mtoto akafundishwe naye."

Nikampa jina la mji. Aliliandika kwenye kiganja. Nilipofunga dirisha sikujua kama nimkasirikie au nimwonee huruma, nikaishia kupanga kalamu zangu.

Sasa nije kwako. Mkuu aliniita tena. Alikuwa amechangamka, na Mkuu akichangamka huwa ninatafuta pa kujificha. "Karani, mdogo wako si ana Hisabati? Na wewe si una sebule?" Maswali mawili kwa pumzi moja. Nikamwambia ninayo. "Basi tumepona," akasema. "Mwandikie aje."

Nilitoka ofisini nikiwa na furaha, sitakuficha. Nilikuona umekaa kwenye kochi letu, Mama anakulazimisha ule, mpwa wako anakuletea daftari. Miaka yote hii nimekuwa nikikusalimia kwa karatasi. Lakini lile neno sebule lilinifuata mpaka kwenye meza yangu. Nikaanza kuwapitia walimu waliobaki, mmoja mmoja, wanakolala. Wa Biolojia anakaa kwa kaka yake. Wa Fizikia yuko kwa wakwe. Methali yuko kwenye nyumba waliyoiacha wazazi wa marehemu mkewe. Mkuu ana nyumba ya shule. Mimi mwenyewe, kama si ghorofa hii aliyotuachia marehemu baba yake mpwa wako, ningekuwa nimeshakatiwa keki zamani.

Nilidhani waliobaki ndio wanaoipenda kazi kuliko walioondoka. Kumbe waliobaki ni wale wenye ndugu mwenye nyumba. Nimefanya kazi shule hii muda wote huu, nawajazia walimu ratiba kila muhula, na jambo hilo sikuliona mpaka nilipoulizwa habari za sebule yangu.

Nikamuuliza Mama. Hakungoja nimalize. "Mwambie aje. Mimi nitalala sebuleni, yeye apewe chumba." Nikamwambia, na goti? Akasema goti ni la kwake. Akaendelea kukupangia maisha, kitanda kitakaa wapi, nguo zitaanikwa wapi. Baadaye nikamkuta ameishika ile picha yenu. Akauliza polepole, "Na mchumba je, naye ataingia humu?" Nikasema sijui. "Na baraza?" Nikasema baraza haliwezi kusafiri. Akairudisha picha kwenye redio, akasema, "Basi muulize mwenyewe, ni mtu mzima." Tangu hapo ukimuuliza anasema goti linauma.

Mpwa wako yeye alisema maneno machache kama kawaida ya siku hizi. "Mjomba akija atakaa, au naye tutamkatia keki?" Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Ijumaa iliyopita Mkuu alinipa chaki. Kuna mkutano wa wazazi wiki hii, na wazazi hupenda kuchungulia ubao wa ratiba. Hakutaka waone pengo. "Andika jina la mdogo wako," akasema, "tumeshakubaliana, si ndiyo?" Nikabaki peke yangu mbele ya ubao. Mahali pa Mwalimu Rula bado paling'aa, kwa jinsi alivyopafuta vizuri. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina lako, lile la cheti. Mkono ukasimama.

Nilijikuta nafanya lile lile tena. Ninamwandika mtu ubaoni kabla hajasema ndiyo, kama tulivyomfuta mwenzake kabla hajasema kwaheri. Nilichukua kitambaa, kile kile, nikaifuta hiyo herufi. Kwa hiyo mdogo wangu, shuleni petu umeshaagwa, ingawa hujafika. Keki hatukukata. Mkuu alipoona pengo akaniuliza, nikamwambia nimekuandikia na ninangoja jibu. Ndiyo kwanza leo ninakuandikia, lakini neno lenyewe halikuwa la uongo sana.

Jibu la swali lako basi ni hili: nafasi ipo. Ukiniuliza kama uje, moyo wangu unasema njoo na mkono wangu umeshakufuta. Sijui nikwambie nini zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba sitaki uje kwa sababu dada yako ana kochi, uahirishe harusi, uache baraza, halafu siku moja nikuone unapitisha godoro kwa mlango wa nyuma usijue pa kuliweka. Ukipima ukaona bado unataka kuja, njoo, kitanda kipo na Mama hatalala sebuleni, nitalala mimi. Lakini uamue wewe, na ulitamke mwenyewe kwa mdomo wako. Huku hatuaminiki tena kukuamulia.

Nina ombi, na hili sina wasiwasi nalo. Likizo ikianza nitamtuma mpwa wako kwako, akae mpaka shule zifunguliwe. Mfundishe. Asikuletee majibu, akuonyeshe alipopotea. Ameshazoea hivyo, ukimfanyia vingine atakujibu kwa mabega. Mpe kazi ya kuku asubuhi, asijione mgeni. Stendi utamtambua kwa sanduku la bluu. Mama ameshaanza kulijaza, na nailoni bado hataki itolewe, anasema itazuia vumbi. Naye amesema akipona goti atamsindikiza, apate kuliona hilo baraza kwa macho yake. Sijui kama ni goti linalosema au ni yeye.

Nisalimie mchumba wako, na umwambie picha imemtendea haki. Nisalimie baba mkwe wako mtarajiwa, yule fundi saa, na umshukuru kwa kuniponyea saa yangu; inakimbia kidogo lakini hapa kila kitu kinakimbia. Msalimie na jirani yako mpiga cherehani. Mama anakusalimu na kukuombea usingizi mzuri na meza isiyokauka. Mpwa wako amesema nikuandikie "hai" tu, nami nimekuandikia.

Mungu akulinde uendako na urudiko, na akufungulie mlango ulio wako, usio wa kubanana.

Mimi akupendaye hata nisipojua la kukushauri,

Dada yako.

N.B. Siku utakayompeleka stendi mpwa wako kurudi huku, tafadhali usimuage kwa maneno mengi. Mwambie tu likizo ijayo.